Gari la Robo Maili

"Dereva yuko nyuma ya magurudumu ya nyuma," alisema Nyange, akaligeuza lile gazeti la picha juu chini, akidhani pengine kalishika vibaya. "Bwana mdogo, mtu huyu kakaa nje ya gari yake mwenyewe."

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema Abrahman. "Uzito wote unarudi nyuma, magurudumu yanaibana ardhi. Hii ni gari ya Marekani, yakhe. Ya kushindana."

Abrahman alikuwa mtoto wa pekee wa Bwana Soud, yule mwenye mikarafuu yote unayoiona ukitoka Wawi mpaka uchoke kuiona. Alirudi kutoka masomoni Ulaya na sanduku la magazeti ya magari, bila cheti chochote. Siku hiyo alisimama kwenye banda la Nyange seremala, kiatu chake juu ya benchi, karibu na patasi, kama mtu aliyekanyaga jiwe la njiani. Benchi lile ndilo lililomlisha Nyange. Lakini ardhi iliyo chini ya benchi ilikuwa ya Bwana Soud, na nyumba iliyo nyuma ya benchi ilikuwa juu ya ardhi ya Bwana Soud, kwa hiyo Nyange alikitazama kile kiatu akasogeza patasi.

Katika picha gari lilikuwa refu na jembamba kama ngazi iliyolazwa. Mbele lilikuwa na magurudumu mawili membamba, mfano wa ya baiskeli. Nyuma mawili manene, meusi, makubwa kama matusi. Injini ilikuwa uchi, haina kifuniko, na mabomba ya moshi yametoka pande mbili kama mbavu za ng'ombe aliyechunwa. Nyuma yake kitambaa cheupe kilikuwa kimetanuka kwa upepo.

"Na shuka hili?"

"Si shuka. Mwavuli. Breki peke yake haziwezi kuisimamisha, kwa hiyo dereva anaufungua huo nyuma, unaikamata."

Mwanawema, mkewe Nyange, alikuwa amekaa kizingitini akipepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Inakwenda wapi na mbio zote hizo?"

"Robo maili," alisema Abrahman.

"Kisha?"

"Kisha inasimama."

"Robo maili si hapa mpaka msikitini?"

"Kiasi hicho."

"Basi mtu si aende kwa miguu, atawahi na udhu!"

Nyange alicheka, akaona Abrahman hacheki, akajifanya anakohoa.

"Mkeo ana mdomo, Nyange."

"Anao, Bwana mdogo."

Wawi nzima ilikuwa ikiujua mdomo huo. Mavuno yaliyopita, wakati wa kupima karafuu, Silima nokoa, msimamizi wa shamba la Bwana Soud, alikuwa akizijaza pishi mpaka zinafanya kilima, na kile kilima hakilipwi. Mwanawema alitia mkono juu ya pishi akasema, "Kata kichwa." Wanawake waliokuwa nyuma yake wakaweka makanda yao chini, wote, bila kuambizana. Siku ile karafuu zilipimwa sawasawa na zikalipwa sawasawa. Bwana Soud alikaa barazani pake akitazama, akatabasamu, akaagiza kahawa. Mwenye mali akitabasamu wakati anapolipa haki, jua kwamba ameandika deni.

"Nataka unichongee hii," alisema Abrahman. "Hivi hivi ilivyo. Urefu wa mkono. Kila bomba, kila nati. Na dereva wake. Nitakupa shilingi arubaini."

"Na arubuni, Bwana mdogo? Nitahitaji waya, rangi..."

"Nitakuletea."

Alichokileta siku ya pili hakikuwa fedha. Kilikuwa kanzu yake ya zamani, imechanika kwapani, ina doa la mchuzi kifuani.

"Nzima bado," alisema, akaitupa juu ya benchi. "Fua uvae. Hiyo ndiyo arubuni."

* * *

Hakuna duka Pemba lililouza vitu vya gari kama lile, kwa hiyo Nyange alilitoa gari katika taka za watu. Mwili aliuchonga kwa mfenesi, akaupiga msasa mpaka ukawa laini kama shavu. Fremu ilikuwa mbavu za mwavuli uliovunjika, zimefungwa kwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Injini aliichonga kwa mti wa mdimu, maana mdimu haupasuki ukiuchokoa kwa ncha ya kisu. Magurudumu manene alikata kwenye soli ya kubadhi la tairi. Yale membamba aliyapinda kwa spoki za baiskeli. Pale picha ilipong'ara, na yeye aling'arisha kwa karatasi ya fedha inayotoka ndani ya pakiti za sigara, ameibandika kwa gundi na kuisugua kwa ukucha wa kidole gumba.

Aliacha kazi ya kitanda cha watu wa Pujini. Aliacha milango miwili. Mwanawema alimwambia, "Watu wanaolipa wanangoja, na asiyelipa ndiye unayemkimbilia." Nyange akamjibu, "Asiyelipa ndiye mwenye ardhi."

Tena kazi ile, tuseme kweli, ilimwingia. Mtu aliyechonga majeneza na meza maisha yake yote kapewa kitu kisichokuwa na haja yoyote duniani, na mikono yake ikapenda. Wakubwa wana haki ya kupenda visivyo na haja. Mnyonge akipenda analipishwa.

Tatizo lilikuwa dereva. Nyange alikwenda kumuuliza Mwalim Pandu, aliyekuwa akisomesha chuo cha Kurani na ndiye aliyewasomesha wote pale, yeye na mkewe.

"Sanamu ni haramu," alisema Mwalim.

"Najua, Mwalim. Lakini Bwana mdogo anataka mtu ndani."

Mwalim Pandu alifikiri. Chuo chake nacho kilikuwa juu ya ardhi ya Bwana Soud. "Roho iko usoni," alisema hatimaye. "Usimtie uso. Asiye na uso ni mti tu."

Basi Nyange alichonga mtu asiye na macho, pua wala mdomo, kichwa chake duara tupu kama yai, akamkalisha nyuma ya magurudumu. Alifanya hivyo kwa kumcha Mungu. Kosa lake kubwa kuliko yote lilikuwa hilo.

Ukabaki mwavuli. Ndani ya nyumba hamkuwa na kitambaa cheupe hata cha kufunga jeraha. Mwanawema aliitoa ile kanzu.

"Tumelipwa hii au hatukulipwa?"

"Tumelipwa."

"Basi tumrejeshee chake kidogo," alisema, akakata kwenye pindo, akashona duara dogo, mshono mwembamba hata huuoni, akalifungia nyuzi nane nyuma ya dereva. Walipoliweka gari juu ya benchi na kulifungua lile duara, wote wawili walirudi nyuma kulitazama. Lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kweli.

Bi Mize, jirani yao, bibi wa makamo, alipita kuomba moto. Alisimama.

"Mwanawema, mwanangu, mbona mmemvisha mtu sanda?"

"Sanda wapi, Bi Mize? Mwavuli huo."

"Mwavuli mtu anajifunika juu. Huu uko nyuma yake, mweupe. Na uso hana." Alichukua kaa lake la moto akaondoka haraka, bila kuaga.

Mwanawema alicheka. Nyange naye akacheka. Kweli hawakuona. Wao walikuwa wakiona mshono na ukucha na waya. Macho ya kazi huona kazi.

* * *

Bwana mdogo alilipokea gari barazani mbele ya rafiki zake, akalizungusha, akapiga kelele kama mtoto. Nyange alisimama chini ya ngazi, kofia mkononi.

"Na zile arubaini, Bwana mdogo..."

"Kesho, Nyange. Mbele za watu hivi?"

Rafiki zake wakacheka. Nyange akatoka akisema ahsante. Ahsante ya nini? Aliisema tu, ilimtoka.

Kila alasiri baada ya siku hiyo Abrahman alichukua gari la baba yake akenda nalo kwenye ile barabara iliyonyooka, akalisimamisha sambamba na gari la rafiki yake, mtu mmoja akashusha leso, na wote wawili wakakanyaga mafuta mpaka mwisho. Robo maili. Kuku walikufa. Mbuzi wa Bi Mize alikufa. Watu waliona, kila siku waliona, na walijua kabisa mwisho wake, na hapana aliyethubutu kumwambia Bwana Soud kwamba mwanawe ni mwendawazimu.

Ijumaa moja gari lilikataa kusimama. Likaacha njia, likaukumbatia mnazi.

Abrahman hakufa. Daktari alimweleza Bwana Soud, polepole, kwa maneno mepesi, kwamba uti wa mgongo umekatika na miguu ile haitatembea tena. Bwana Soud aliingia akakaa kando ya kitanda cha mwanawe.

"Nini kilikupata?"

Abrahman alitazama dari. Gari la baba yake lilikuwa bati lililokunjwa. Yeye mwenyewe nusu mtu. Mji mzima ulimwona akicheza. Mtu wa namna hiyo ana mambo mawili ya kuchagua, awe mjinga au awe mdhulumiwa.

"Niliona kitu cheupe," alisema. "Mbele ya macho. Kama shuka limenifunika."

Bwana Soud aliinama karibu.

"Kanzu yangu, baba. Ile wameishona nyuma ya yule mtu."

"Ulimpa Nyange?"

Hapa lingetosha neno moja la kweli. Neno moja, *nilimpa*, na nyumba ya watu ingebaki na kipaa chake.

"Nilimpa mkewe afue," alisema Abrahman.

Wasomi wetu wanapenda kusema kwamba ujinga ndio uliotufikisha pale, kwamba watu wa shamba waliamini uchawi. Uongo. Bwana Soud hakuamini. Alikwenda Wete kwa daktari, hakwenda kwa mganga. Alijua bei ya petroli aliyoichoma mwanawe kila alasiri, maana ndiye aliyeilipa. Lakini alipotoka hospitali alikuwa amebeba kitu kilichomfaa kuliko ukweli, na alikibeba kwa uangalifu, kama mtu aliyeokota kisu kikali njiani.

* * *

Walimwita Nyange barazani. Gari lilikuwa juu ya meza ya kahawa. Yule mtu wa mti ametolewa, kalazwa chali pembeni, kafunikwa kile kitambaa chake. Mwalim Pandu alikuwa amekaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi, anahesabu. Silima nokoa alisimama nyuma.

"Kaa, fundi," alisema Bwana Soud. "Umekunywa kahawa?"

"Alhamdulillahi, Bwana."

"Mpeni kahawa."

Alipewa. Kikombe kilijazwa mpaka kahawa ikamwagika juu ya vidole vyake, akaiacha iunguze.

"Nani kachonga huyu?"

"Mimi, Bwana. Bwana mdogo alitaka dereva."

"Na uso?"

"Mwalim alisema..." Nyange alimgeukia Mwalim Pandu. Mwalim alikuwa amefika kwenye punje kubwa ya tasbihi, na punje ile ilimshughulisha sana.

"Na kitambaa? Nani kashona?"

"Mke wangu, Bwana. Kanzu tulipewa. Ilikuwa arubuni ya kazi."

Silima aliangua kicheko. "Arubuni kanzu? Wee Nyange, tangu lini mtoto wa Bwana Soud akakosa shilingi akalipa nguo mbovu? Sema jengine!"

"Wallahi, Silima..."

"Mwanangu anasema alimpa mkeo afue," alisema Bwana Soud kwa upole. "Je, mwanangu mwongo?"

Hapo Nyange aliona mlango ukifungwa, na akaona nani anaufunga, na akajua kwamba yeye hana mkono wa kuuzuia. Akatazama chini. "Labda... labda sikusikia vizuri, Bwana."

"Labda." Bwana Soud alikunywa funda. "Mimi sina ugomvi nawe. Wewe mtu wa kazi, na nina milango ya ghala inaoza. Nikikufukuza wewe nitampata wapi fundi mwengine? Mihogo yako imo ardhini, haijakomaa. Nikikuambia ondoka leo utaiacha humo. Benchi utalibeba wapi? Hapana mwenye shamba atakayekupokea, maana nitawaambia kwa nini. Unanifahamu?"

"Nakufahamu, Bwana."

"Lakini mtu aliyekata nguo ya mwanangu akamshonea sanda, huyo simweki. Watu wangu watasema nini? Mwache. Leo, hapa, mbele ya Mwalim. Tatu kwa pamoja, usije ukamrejea. Nawe ubaki."

"Bwana..."

"Mungu kawanyima mtoto wa nyama," alisema Silima, "basi ndio mkajichongea wa mti. Mwanamke hana hata anachokuachia, unamng'ang'ania nini?"

Nyange aligeuza tena kichwa. "Mwalim?"

Mwalim Pandu alikohoa. "Talaka," alisema, "ni halali. Inachukiza, lakini halali."

Alichofikiri Nyange kinajulikana, maana alikuja kukisema mwenyewe kwa kila aliyekubali kumsikiliza: alifikiri kwamba akikataa watafukuzwa wote wawili, na akikubali atafukuzwa mmoja, na mmoja ni pungufu ya wawili. Alipiga hesabu sahihi. Alitamka yale maneno, mara tatu, akiwa ameshika kikombe cha kahawa cha bwana wake, na alipomaliza hakujua akiweke wapi.

"Kinywe," alisema Bwana Soud. "Usitupe neema."

Akakinywa.

* * *

Habari mbaya haina miguu lakini hufika kwanza. Bi Mize ndiye aliyeileta, mbio, kanga inaburuta.

"Mwanawema, mwanangu! Kakuacha! Barazani, mbele ya watu, kakuacha tatu!"

Mwanawema alikuwa akimenya muhogo. Aliendelea kuumenya mpaka ukaisha, akautia chunguni, akaosha kisu.

"Nani alikuwepo?"

"Bwana Soud, na Silima, na Mwalim."

"Na Mwalim." Akatikisa kichwa. "Bi Mize, wewe uliwaambia habari ya sanda?"

Bi Mize alifungua mdomo. "Waliniuliza, mwanangu. Nami ninakaa kwao, kama nyie."

"Haya."

Nyange alipofika alimkuta mlangoni, amejitanda kanga mpaka machoni, kama mwanamke anavyojitanda mbele ya mwanamume asiyemjua. Alisimama uani.

"Funga vitu vyako, Mwanawema," alisema. "Nitakusindikiza kwa nduguzo Wete. Wanataka uondoke leo."

"Wanataka nani?"

"Bwana."

"Bwana ndiye aliyenioa?"

"Mwanawema, nisikilize. Nimefanya ili tusipotee sote. Mambo yakitulia..."

"Yakitulia utafanya nini? Umeniacha tatu. Hata ukijuta huna pa kurudi." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayepima unga. "Kamwite Mwalim."

Mwalim Pandu alikuja shingo upande, na Silima nyuma yake kuhakikisha. Majirani walikuwa wamekwisha jaa uani, kila mtu na kisingizio chake, huyu anaazima kinu, huyu anatafuta kuku.

"Mwalim," alisema Mwanawema kutoka mlangoni, "mwanamke aliyeachwa hukaa wapi eda yake?"

Mwalim alitazama viatu vyake.

"Wewe ndiye uliyenisomesha. Nilikuwa mdogo, ukanipiga fimbo kwa kulisahau jawabu. Sasa nalikumbuka. Hukaa nyumba aliyokuwamo alipoachwa. Hatolewi mpaka eda ishe. Au uongo?"

"Si uongo," alisema Mwalim, chini kwa chini.

"Sema wasikie."

"Si uongo!"

Watu wakanung'unika. Mwanamke mmoja, mmoja kati ya wale walioweka makanda chini siku ya kupima, akasema kwa sauti, "Eda ni eda," na mwengine akaitikia. Kumtoa mchawi kwa nguvu ni jambo moja. Kumtoa mwanamke wa eda, mchana, mbele ya Waislamu, ni jambo jengine, hata Bwana Soud asingelithubutu. Mwanawema aliingia ndani akafunga mlango. Nyange akabaki uani na watu wake aliowachagua.

* * *

Jawabu lilirudi asubuhi. Silima alilileta akitabasamu, na vijana wa shamba wamebeba ngazi.

"Bwana anakusalimu," alipaza sauti kuelekea mlango uliofungwa. "Anasema hakatazi dini ya Mungu. Eda kaa. Nyumba hutolewi. Udongo wa kuta anakuachia, sadaka. Lakini makuti yametoka kwenye minazi yake, na pau zimetoka kwenye miti yake. Anataka vyake."

Kwetu desturi ndiyo hiyo, na kila mtu aliijua: mti una mwenyewe, na tawi lina mwenyewe, na kuti likianguka lina mwenyewe, hata ukililalia miaka. Hakuvunja sheria hata moja, Bwana Soud. Mtu wa namna yake hahitaji kuvunja.

Masika yalikuwa yamekwisha anza. Upande wa kusini mbingu ilikuwa nyeusi kama chungu.

Nyange alikuwa amelala bandani, chini ya benchi. Alitoka na vumbi la mbao nyweleni. "Silima, ndugu yangu, nyumba ni yangu vilevile. Mimi nitalala wapi?"

"Bandani. Banda hakulitaja." Silima alimpa kisu. "Na amesema aliyeezeka ndiye aezue. Hataki vijana wake waharibu makuti. Wewe ndiye fundi."

"Siwezi."

"Basi sema huwezi, nikampelekee jawabu hilo. Lakini utakuwa umemwacha mkeo bure." Akapunguza sauti, karibu kwa huruma. "Fanya upesi kabla mvua haijaja, yakhe. Bwana mdogo anarudi nyumbani leo, wanataka mtu wa kumtengenezea kiti cha magurudumu. Gari yako ameiomba, imewekwa kando ya mto wake kitandani, bila tu yule mtu na kile kitambaa. Anaipenda. Kazi unayo, Nyange. Kazi unayo tele."

Nyange alikitazama kisu. Aliwatazama majirani, nao wakatazama mbingu. Wale wanawake waliosema eda ni eda walikuwepo, wamefumbata mikono ndani ya kanga zao. Siku ya pishi walikuwa na makanda ya kuweka chini, leo hawakuwa na kitu. Bi Mize alikuwa akilia, na huku analia aliokota kuku wake asije akakanyagwa na wabeba ngazi.

Akapanda. Ngazi ililia chini ya uzito wake. Alipofika juu akapiga magoti kwenye pau alizozifunga kwa mkono wake, na kuti la kwanza likatoa mlio.

"Nani huko juu?" Sauti ya Mwanawema ilitoka chini yake, karibu mno, kama watu wawili walivyokuwa wakizungumza kitandani.

"Mie."

"Mie nani?"

"Nyange."

"Nyange simjui. Nilikuwa na mume wa jina hilo, wamenambia ametoka. Sikiliza, bwana weye uliye juu. Humu mna mwanamke wa eda, si mkeo wala si dada yako, na kichwa chake kiko wazi, anasuka nywele. Wewe mwanamume mgeni unataka kumfunua. Hata mwizi mwenye adabu hubisha. Piga hodi."

Silima alicheka. Alipoona amecheka peke yake akashika ngazi.

Tone la kwanza la mvua lilipiga juu ya makuti, kisha jengine. Nyange alikaa juu ya kipaa, kisu mkononi, watu wote wa Wawi wakimtazama kutoka chini.

"Hodi," alisema.

Hakuitikiwa.

"Hodi."

Mwalim Pandu, aliyekuwa amesimama mbali njiani, aliinamisha kichwa.

"Hodi," alisema Nyange mara ya tatu, na sauti ilikuwa ya mtu anayeomba.

Mafundisho ni mepesi, mtoto wa chuoni anayajua: anayebisha mara tatu asijibiwe na arudi alikotoka. Nyange alingoja. Alingoja mpaka shati likamganda mgongoni. Kisha akatia kisu kwenye kamba ya kwanza, akakata.